Goti linauma, tandiko ndilo lina kosa: kusaka chanzo cha maumivu ya mwendesha baiskeli wa milimani

Jumatatu moja asubuhi kijana aliingia karakanani kwangu, Arusha, anachechemea. Goti la kulia alikuwa amelizungushia bandeji ya kuvutika.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeanguka?"

Hakuwa ameanguka. Jumamosi alipanda na kushuka msitu wa Olmotonyi, Jumapili akarudia, na sasa ngazi za nyumbani kwao zinamtoa machozi. Ameshachuliwa, ameshapaka dawa za aina mbili, ameshameza diklofenaki. Baiskeli yenyewe aliileta kwa ajili ya breki. Nikalegeza klipu ya tandiko, nikalivuta bomba juu, na hapo ukajitokeza mduara wa vumbi lililogandana na grisi, alama ya pale tandiko lilipokuwa likikaa siku zote. Kutoka pale hadi lilipokuwa sasa ni sentimita nne na ushee.

"Ulilishusha lini?"

"Kwenye ule mteremko wa mawe, fundi. Nikasahau kulipandisha."

Basi amepanda milima siku mbili nzima huku goti limekunjwa kupita kiasi. Anayezungusha pedeli mara 80 kwa dakika hukunja kila goti mara 4,800 kwa saa, na kosa dogo likirudiwa mara elfu kadhaa si dogo tena. Nilimrudishia tandiko mahali pake, nikamchorea mstari kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nikamwambia akae siku nne bila kupanda mlima. Bandeji aliivua mwenyewe.

Namtaja kwa sababu karibu kila anayekuja na maumivu anatibu panapouma. Goti lipo katikati ya nyonga na unyayo, linakwenda linakopelekwa na hao wawili. Viganja vikifa ganzi, huenda tatizo ni urefu wa fremu. Kinachofuata ni utaratibu ninaoutumia mimi. Kama umetoka kuanguka leo, ruka moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya kuanguka, haya mengine yatakusubiri.

Maswali ya kujiuliza kwanza

Yanauma lini? Maumivu yanayoanza baada ya nusu saa ya kuendesha na kuzidi kadiri unavyokwenda mara nyingi ni ya mkao au ya kuzidisha. Yanayouma mwanzoni, yakapoa mwili ukichemka, kisha yakarudi kesho yake asubuhi, hiyo ni tabia ya kano. Yanayokuamsha usiku ukiwa umelala tu, hata hujajigeuza, hayo si ya fundi wala ya mwalimu wa mazoezi. Nenda kwa daktari.

Nini kimebadilika ndani ya wiki tatu? Hapa watu husahau sana. Viatu vipya, pedeli mpya, umetoka kwenye tambarare ukahamia milimani, umeongeza siku. Au umenunua baiskeli ya mtumba. Hizi za mtumba kutoka Ulaya ni imara, lakini nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye kimo cha mita moja na themanini na zaidi. Mfupi akizipanda analala juu ya usukani kama anayechungulia kisimani.

Ni upande mmoja au pande zote mbili? Pande zote mbili, shuku tandiko au kiasi cha mazoezi. Upande mmoja, angalia kilichopinda: pedeli, mkono wa pedeli, kiatu kilicholika upande, au mguu uliowahi kuvunjika zamani ukaacha misuli dhaifu.

Goti

*Linauma mbele, kuzunguka kilegesambwa (pia ya goti).* Tandiko liko chini mno au mbele mno, au unasukuma gia nzito mlimani kwa mwendo wa polepole. Jipime hivi. Vaa viatu unavyoendeshea, egemea ukuta, kaa juu ya tandiko, kisha weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinamia upande huo. Ukihamishia sasa sehemu pana ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, kati ya nyuzi 25 na 35, na hapo ndipo unapotaka. Kama lipo chini, pandisha milimita tano tu, endesha mara mbili, kisha pima tena. Anayepandisha sentimita tatu kwa mara moja anahamisha maumivu kutoka mbele ya goti kwenda nyuma.

Kuhusu gia, mlima usipandwe kwa kiburi. Ukiona unabonyeza pedeli kwa uzito wa mwili mzima na miguu haifikishi mizunguko 60 kwa dakika, shusha gia. Kama gia za kushusha zimekwisha, shuka utembee. Huo mkokoto wa mita mia hautakupunguzia heshima.

*Linauma nyuma.* Hapo tandiko liko juu mno. Mwombe mwenzako akutazame kwa nyuma unapoendesha. Nyonga zikicheza kulia na kushoto, unaifukuzia pedeli. Shusha milimita tano. Ila kama kigimbi kimoja kimevimba, kina joto na kinauma, hasa ukiwa umetoka kufungwa hogo (plasta ngumu ya mfupa), kulazwa, au kusafiri kwa basi siku nzima, usikichue. Inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa, na hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo.

*Linauma upande wa nje au wa ndani.* Kwa nje, angalia kama tandiko liko juu mno au vidole vya mguu vimeelekezwa ndani. Kwa ndani, angalia kama vidole vimetazama nje sana. Wanaotumia pedeli za kubana wakague vyuma vya chini ya kiatu kwanza, maana mguu uliobanwa kwenye pembe isiyo yake hauna pa kukimbilia. Kwenye pedeli bapa mguu hujitafutia nafasi wenyewe. Nyuma ya yote haya mara nyingi kuna makalio dhaifu. Simama kwa mguu mmoja mbele ya kioo, chuchumaa kidogo. Goti likianguka kuelekea ndani, umemwona mkosaji.

*Linauma nukta moja chini ya kilegesambwa, unaweza kuigusa kwa kidole.* Hiyo ni kano. Kano haiponi kwa kupumzishwa kabisa, inapona kwa kubebeshwa mzigo unaopimwa. Egemea ukuta kwa mgongo, shuka kama uliyekaa kwenye kiti kisichokuwepo, kaa sekunde 45, pumzika dakika mbili, rudia hadi mara tano. Maumivu yasizidi matatu kwa kumi, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, punguza.

*Lilijipinda likavimba ndani ya saa chache, au linakwama, au linakuachia ghafla unapotembea.* Tandiko halihusiki. Kuna kitu kimechanika ndani. Usijaribu kulizoesha, peleka.

Mikono

Swali langu la kwanza ni vidole gani vimekufa ganzi. Kidole kidogo na nusu ya kile cha pete maana yake unaukandamiza mshipa wa fahamu unaopita kwenye kona ya nje ya kiganja, pale panapolalia mpira wa usukani. Kidole gumba, cha shahada na cha kati ni mshipa mwingine, unaopita katikati ya kifundo, na kosa hapo ni kifundo kukunjwa kwenda juu wakati wa kushika breki. Vyote viwili vina mzizi mmoja, uzito wa mwili umehamia mikononi. Kagua pua ya tandiko kama imeinamia chini, maana ikiinama unateleza mbele na mikono ndiyo inakuzuia. Kagua umbali wa usukani. Kisha legeza skrubu za mikono ya breki uizungushe mpaka kifundo kinyooke sambamba na mkono ukiwa umesimama juu ya pedeli, kwa sababu kwenye mteremko hutakuwa umekaa.

Mikono ya mbele kujaa na kuwa migumu kama gogo kwenye mteremko mrefu ni jambo jingine. Watu hudhani ni udhaifu wakaanza kunyanyua vyuma. Nguvu ya kushika inasaidia kweli, kuning'inia kwenye bomba sekunde 20 au 30 mara kadhaa ni zoezi zuri, lakini kwanza tazama tairi. Wajaza upepo wa barabarani hujaza tairi la baiskeli kama wanajaza la bodaboda. Tairi la inchi 2.2 lenye tyubu, kwa mtu wa kilo 70, linatosheka na upepo wa psi kati ya 25 na 35. Nimepima yaliyofika 60. Hapo kila jiwe linakuja moja kwa moja hadi kwenye bega. Ukishatoa upepo, angalia shokapu za mbele kama zinacheza. Za mtumba nyingi zimeganda kwa kutu, zipo kama pambo. Mwisho, breki ishikwe kwa kidole kimoja, vingine vitatu vibaki kwenye usukani. Ikibidi utumie vidole vitatu ndipo isimame, breki hiyo ije karakanani.

Ganzi ikibaki siku mbili au tatu baada ya kushuka, au ukiona vitu vinakuponyoka mkononi, acha kuendesha ukaonane na daktari.

Mgongo, shingo na makalio

Mgongo wa chini ukiuma mlimani lakini si kwenye tambarare, ni misuli ya kiuno na makalio imechoka kusukuma gia nzito na mgongo umeifanyia kazi. Tiba yake naieleza kwenye mazoezi. Ukiuma popote, hata dakika kumi za kwanza, ni fremu ndefu au tandiko lililopitiliza juu. Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, au mguu ukapoteza nguvu, muone daktari. Na yakija pamoja na ganzi ya msamba au kushindwa kuzuia mkojo, usingoje kupambazuke.

Shingo mara nyingi ni helmeti iliyoshuka mbele, unalazimika kuinua kidevu ili uone njia.

Makalio yatauma wiki mbili za kwanza kwa kila mtu, hilo halina dawa. Ganzi ya msamba ndiyo isiyovumilika. Tafuta tandiko pana kidogo, lilaze sawasawa, simama juu ya pedeli kila dakika kumi. Na tafadhali, chini ya kaptula yenye sponji havaliwi chupi.

Nguvu zinakata

Mtu anakuja kuniambia amezidisha mazoezi kwa sababu wiki nzima miguu ni mizito. Ninamuuliza wiki mbili zilizopita alilala wapi. Mmoja alikuwa ametoka kuendesha Usambara, akalala Mombo bila neti. Kipimo cha malaria kikasema. Ukiwa sehemu zetu hizi, uchovu usioeleweka wenye homa, kichwa kuuma au viungo kuvunjika upimwe damu kwanza, ndipo tuzungumze ratiba ya mazoezi. Homa na mazoezi ni fahali wawili. Ukiendesha na homa unaubebesha moyo mzigo ambao hauna sababu.

Kama damu ni safi, tazama chakula. Kukatika ghafla baada ya saa moja na nusu au mbili, jasho la baridi, mikono kutetemeka na hasira zisizo na sababu ni sukari imeisha. Safari inayozidi saa moja na nusu inahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina karibu gramu 25. Kiazi kitamu kilichochemshwa, tende, kashata, sukari guru, vyote vinakaa mfukoni na ni rahisi kuliko vile vifuko vya duka la michezo. Anza kula kabla hujasikia njaa. Ukishaisikia, umechelewa nusu saa.

Maji: jipime uzito kabla na baada. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya jasho usiyoirudisha. Kwa jasho jingi, paketi ya chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji inafaa. Ukiikosa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa. Misuli kubana mwisho wa safari haiji kwa upungufu wa chumvi peke yake kama wengi wanavyoamini. Mara nyingi msuli umeombwa kazi usiyoizoea. Nyoosha, subiri, punguza mwendo.

Anayetoka Dar akaendesha Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, atahema zaidi siku chache za kwanza, na hilo ni la kawaida. Wanaopeleka baiskeli Kilimanjaro wajue hesabu inabadilika kuanzia kama mita 2,500. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaingia, hupandi tena. Ukiyumba kama mlevi au ukahema umekaa tu, unashushwa.

Na kuzidisha kwenyewe? Kupo. Mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani yamepanda kuliko kawaida yako kwa siku kadhaa, usingizi umeharibika, hamu ya baiskeli imekufa. Dawa ni wiki moja nyepesi, kulala na kula. Hakuna ya dukani.

Umeanguka

Kichwa kinatangulia. Si lazima uwe umezimia ndipo ubongo uwe umetikisika. Kuuliza swali lile lile mara tatu, kutokumbuka ulivyoanguka, kizunguzungu, mwanga kukuchoma macho, vyote vinatosha kusema siku imeisha. Kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, kusinzia asiweze kuamshwa vizuri, mboni za macho kutolingana, udhaifu wa upande mmoja, hayo ni ya kukimbiza hospitali. Shingo ikiuma katikati ya mfupa, usimnyanyue wala kumpandisha bodaboda katikati ya watu wawili. Mlaze alivyo, shika kichwa kisicheze, ita msaada. Baada ya mtikisiko, pumzika saa 24 hadi 48 bila kujifungia gizani, punguza simu, kisha anza kutembea. Hatua zinazofuata, baiskeli isiyotembea, njia tambarare peke yako, njia ya mawe, kila moja ipewe angalau siku nzima, na dalili zikirudi kwa nguvu urudi hatua moja. Milimani usirudi kabla dalili hazijaisha kabisa na daktari hajakuruhusu. Helmeti iliyopiga chini imeshafanya kazi yake, hata kama haionyeshi ufa. Itupe. Usimuuzie mtu.

Kisha kifundo cha mkono. Hapa nina deni la kibinafsi. Mwaka juzi niliteleza kwenye njia ya miguu karibu na Soni, nikajizuia kwa kiganja. Picha ya siku ile haikuonyesha kitu. Nikaambiwa nimeteguka tu, nikafurahi, nikaendelea kuendesha. Wiki ya tatu nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya asali. Picha ya pili ikaonyesha ufa kwenye skafoidi, mfupa mdogo ulio chini ya kidole gumba, nikafungwa hogo wiki kumi. Ufa wa mfupa huo hujificha kwenye picha ya kwanza mara kwa mara, na kwa kuwa damu yake ni haba, ukipuuzwa sehemu ya mfupa inaweza kufa. Nyanyua kidole gumba juu kama unayeomba lifti. Utaona shimo dogo kwenye kifundo, kati ya kano mbili. Bonyeza pale. Pakiuma baada ya kuanguka, omba kifundo kitulizwe kwa hogo au gango hata kama picha ni safi, na picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

Mtulinga huvunjika zaidi kuliko mifupa mingi mwilini mwa mwendesha baiskeli, na mwenyewe hujijua, bega limeshuka na kuna uvimbe kama kigongo. Wengi huwekewa mkono kwenye kitambaa na mfupa huunga baada ya wiki 6 hadi 12. Watu hunitajia Tom Pidcock, mwendesha baiskeli Mwingereza, aliyevunjika mtulinga mwaka 2021 na chini ya miezi miwili baadaye akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo. Kweli. Lakini yeye alipasuliwa, na alikuwa na watu ambao kazi yao yote ni kumrudisha yeye. Wewe una bosi na mwanya wa Jumapili asubuhi.

Tumbo ndilo linalonitisha kuliko vyote, kwa sababu halionyeshi. Ncha ya usukani ikikuchoma upande wa kushoto chini ya mbavu, bandama linaweza kupasuka na kuvuja polepole. Jolanda Neff, mwendesha baiskeli wa milimani wa Uswisi, alianguka Marekani Desemba 2019, bandama likapasuka, ubavu ukavunjika na pafu likasinyaa kwa sehemu. Alipona, naye akashinda dhahabu Tokyo. Dalili inayodanganya watu ni maumivu juu ya bega la kushoto ilhali bega halikuguswa. Ukiyapata hayo, au tumbo linakuwa gumu, au unaishiwa nguvu na kutoka jasho jembamba, usinywe chai kwanza. Nenda.

Kifundo cha mguu kina kanuni fupi. Kama huwezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wenyewe wa upande wa nje au wa ndani unauma ukibonyezwa kwa nyuma au nchani, piga picha. La sivyo, huenda ni kuteguka. Anza kukanyaga mapema kadiri unavyovumilia, na kila unapopiga mswaki simama kwa mguu huo mmoja.

Michubuko ioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni mpaka mchanga wote utoke, hata ukilia. Mafuta ya breki, majani ya chai na dawa ya meno havina kazi pale. Kidonda chenye udongo na sindano ya pepopunda ya zamani kuliko miaka mitano, choma nyingine. Na kama kilichokuangusha ni mbwa na meno yamekugusa, osha kwa sabuni na maji dakika 15 kisha ukaombe chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Kuchua na vidonge

Nitasema nisichopendwa kwacho. Kuchua kwa nguvu siku za kwanza kunaongeza damu kuvuja ndani. Paja lililogongwa likachuliwa kwa ukali linaweza kuotesha mfupa ndani ya msuli, na hapo miezi inaanza kuhesabiwa. Mfupa uliovunjika ukichuliwa husogea. Siku mbili tatu za mwanzo bana kwa bandeji kiasi, inua juu, punguza mzigo, kisha anza kusogeza taratibu. Barafu hupunguza maumivu. Hata Gabe Mirkin, daktari aliyeieneza mwaka 1978, baadaye alikiri kuwa inaweza kuchelewesha uponaji, basi itumie kwa dakika chache kutuliza, isiwe ibada.

Diklofenaki kabla ya safari ndiyo mbaya zaidi. Inanyamazisha kengele huku nyumba inaungua, na mwili ulioishiwa maji ukichanganya na dawa hiyo figo ndizo zinazolipa.

Mazoezi, na siku ya kurudi

Mapafu hurudi haraka. Ndani ya wiki chache unahema vizuri, unajiona mzima, ndipo unapoumia tena, kwa sababu kano na mifupa bado viko nyuma kwa miezi. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki fanya haya, huhitaji gym. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kilo 20 na kidogo: linyanyue kutoka chini kwa nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, mara nane, seti tatu. Panda ngazi kwa mguu mmoja, ushuke polepole ukihesabu hadi tatu. Lala chali, inua nyonga kwa mguu mmoja. Kaa kwa viwiko, mwili kama ubao, sekunde 30. Piga pushapu, maana mabega ndiyo yanayokupokea ukianguka. Wiki mbili za kwanza utaona hakuna kinachobadilika.

Kurudi milimani sikupimi kwa kalenda, nakupa mtihani. Mguu: uchuchumae kwa mguu ulioumia mara kumi, goti lisianguke ndani, na urukeruke kwa mguu huo bila kujikinga. Mkono: pushapu kumi, kisha ujining'inize sekunde 30. Goti au kifundo kisiwe kimevimba kesho yake. Ukifaulu, anza na nusu ya umbali uliokuwa ukienda, njia laini, na uongeze umbali kabla ya mwinuko, mwinuko kabla ya mawe.

Kuna dalili moja ambayo haionekani kwenye picha wala kwenye mizani. Unafika pale ulipoangukia na mikono inakakamaa, unashika breki zote mbili, macho yanaganda kwenye jiwe lile lile, na baiskeli, kama kawaida yake, inakwenda macho yanakotazama. Shuka. Laza baiskeli pembeni, tembea mteremko ule kwa miguu hadi chini, upande tena, uchague kwa macho tairi la mbele litapita wapi. Fanya hivyo mara mbili. Mara ya tatu shusha tandiko, pita polepole, na ukifika chini ulipandishe hadi kwenye mstari wa rangi ya kucha.